Nyota ya siku 5.6 na setilaiti iliyoruka kutoka Ngomeni

Mwalimu wa fizikia akifika kwenye mada ya mvutano, moja kwa moja anatuletea tufaha la Newton. Sina ugomvi na tufaha, ila mwanafunzi anamaliza sekondari akiamini mvutano kazi yake ni kuangusha vitu, basi. Mimi ningeanzia Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na kijiji hicho. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku yenyewe ikaitwa Uhuru. Ilitumwa kusaka miale ya eksirei kutoka angani, ambayo angahewa huizuia isitufikie huku chini. Ikweta nayo ina faida yake: hapo dunia huzunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure.

Chanzo kimoja cha eksirei, Cygnus X-1, kilikuwa kimejulikana tangu 1964. Uhuru ikaona miale yake ikipanda na kushuka ndani ya muda usiotimia hata sekunde moja. Hapo ndipo penye utamu. Kitu hakiwezi kung'aa na kufifia chote kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko ule ambao mwanga unahitaji kukivuka. Kwa hiyo kilichokuwa pale kilikuwa kidogo mno, hakifanani kabisa na nyota za kawaida.

Wanaastronomia wakageukia nyota kubwa ya buluu iliyo mahali hapo hapo, HDE 226868. Wakakuta inatusogelea kisha inarudi nyuma, kila siku 5.6, bila kukosa. Kuna kitu kinaivuta, na hakionekani. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, kila upande kwa njia yake, wakapiga hesabu. Ukijua kasi ya nyota, muda wa mzunguko wake na makadirio ya uzito wake, sheria aliyoichapisha Newton mwaka 1687 inakuwezesha kukadiria uzito wa mwenzake. Jibu likatoka zito kupita kiwango ambacho nyota ya nutroni, yaani kile kiini kidogo kilichoshindiliwa kinachobaki nyota kubwa ikifa, inaweza kufikia. Likabaki shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, ambalo leo linakadiriwa kuwa na uzito wa takriban majua 21. Eksirei zenyewe zinatoka kwenye gesi ambayo shimo linamnyang'anya jirani yake. Inazunguka, inapata joto la mamilioni ya nyuzi, ndipo inamezwa.

Si kila mtu aliridhika haraka. Mwanafizikia Stephen Hawking aliweka dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, akakubali kushindwa mwaka 1990. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Kinachoniudhi ni kwamba kisa hiki hakihitaji maabara ya mamilioni. Mwendo wa duara unafundishwa sekondari tayari, kwa jiwe lililofungwa kamba. Liacheni jiwe kwa kipindi kimoja tu. Wapeni wanafunzi zile siku 5.6, kasi ya nyota na makadirio ya uzito wake, wapeni kalamu, halafu waulizeni: huyu anayeivuta ana uzito gani?