Nusu za Hurwitz na ulinganifu wa polinomia

Mwaka 1843 mwanahisabati Hamilton alivumbua kwaternioni: namba za umbo a + bi + cj + dk, zenye i, j na k, ambazo kila moja ikizidishwa kwa yenyewe huwa −1, na ij = k ilhali ji = −k. Ukitaka kuzifanya ziende kwa hatua kama namba kamili, kuna njia mbili. Mwanahisabati Lipschitz alitaka sehemu zote nne (a, b, c na d) ziwe namba kamili. Mwenzake Hurwitz, mwaka 1896, akaruhusu pia zote nne ziwe nusu za namba witiri.

Wanaofuata njia ya kwanza wana hoja nzito. Hakuna nusu za kushughulikia, na programu ya kompyuta huandikika kwa urahisi. Isitoshe, mlinganyo x² + 1 = 0 una majibu sita kwa Lipschitz na sita yale yale kwa Hurwitz: ±i, ±j, ±k. Kwa nini basi tujitwishe nusu?

Tazama majibu hayo yanavyohusiana. Chukua kizio u, yaani namba yenye kinyume u⁻¹ ndani ya mfumo (uu⁻¹ = 1), kisha geuza x iwe uxu⁻¹. Lipschitz ana vizio 8 tu, navyo humpeleka i kwa i au −i, basi. Majibu sita yanabaki makundi matatu yasiyokutana. Hurwitz ana vizio 24, na kimojawapo, (1+i+j+k)/2, humpeleka i kwa j, j kwa k, na k kwa i. Yote sita yanakuwa familia moja. Kwangu hilo linatosha kumpa Hurwitz ushindi, maana polinomia ya digrii ya 2 yenye majibu sita inatisha mpaka uone kwamba ni jibu moja lililozungushwa.

Pia x² + x + 1 = 0 haina jibu kabisa kwa Lipschitz; kwa Hurwitz ina manane. Ila hapa wapinzani wana haki yao: vizio 24 huyagawa manane hayo katika makundi mawili ya manne manne, na kuyaunganisha lazima uazime namba kama 1+i, ambayo si kizio.

Kuna ugumu mmoja ambao nusu haziuondoi. Zidisha (x−i)(x−j), ukiweka vizidishi kushoto mwa x: unapata x² − (i+j)x + k. Weka j, inatoka 0. Weka i, inatoka 2k. Kigawo (x−i) kipo wazi, lakini i si jibu.