Ada ndogo, miaka mingi
Makala moja kuhusu programu za uwekezaji, zile zinazokuwekezea pesa zenyewe kiotomatiki, inasema ada yao ya asilimia 0.25 kwa mwaka ni ndogo, haina haja ya kuumiza kichwa. Hebu tupige hesabu. Weka 10,000 kwa miaka 30, zikue kwa asilimia 6 kila mwaka: unapata kama 57,400. Ukikatwa ada hiyo, zinabaki kama 53,500. Na mifuko ya uwekezaji ambayo programu inakununulia nayo ina ada yake, hilo halikutajwa kabisa! Hata hivyo, programu yangu sijaiacha. Machi 2020 soko lilipoporomoka, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuuza. Programu yenyewe ilinunua hisa zilizoshuka kurudisha uwiano uliopangwa kati ya hisa na uwekezaji mwingine, nami nikatulia. Anayeweza kujizuia mwenyewe, sioni kwa nini ailipie.