Dagaa Waliooga Maji ya Moto

Hita yetu ya maji niliinunua ikiwa imekwisha kuzeeka, kutoka nyumba ya wageni moja ya Kirumba iliyokuwa ikikarabatiwa, na aliyeniuzia aliniapia kwamba ilikuwa imetumika kidogo tu, huku akitazama pembeni. Ni pipa jeupe la lita 50 la kutundikwa ukutani, na kwa miaka mitatu lilituhudumia bila kinyongo. Kisha, katika juma lile lile ambalo mama mkwe alifika kutoka Magu kumwona mjukuu wake, likaanza kudondosha maji.

Matone yalitoka kwenye vali ya usalama, ile iliyofungwa chini ya pipa pale maji baridi yanapoingilia, yenye kijitundu pembeni kinachotosha penseli. Mimi ni mwalimu wa fizikia; nalitaja jambo hili mapema ili aibu yake isije ikawashtua wasomaji huko mbele. Nilifungua kiungo cha bomba, nikakizungushia thredi tepu hadi kikafanana na kidole kilichofungwa bendeji, nikakikaza kwa spana ya kuazima. Matone yakaendelea kutoka kwenye kile kijitundu, ambacho sikuwa nimekigusa. Nikahitimisha kwamba vali imekufa, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili na duka la vifaa lilikuwa limefungwa, nilichonga kijiti cha mpera, nikakivisha kipande cha nailoni na kukipigilia mle kwa kisigino cha kiatu. Maji yakakoma. Nilimwita mke wangu aje ashuhudie, naye alitazama, akasema "hongera" kwa sauti ile ile anayoitumia mtoto wetu anapomwonyesha mchoro wa ng'ombe mwenye miguu mitano.

Usiku ule hita ilianza kuguna. Kufikia alfajiri, maji yaliyonyimwa mlango yalikuwa yamejitafutia dirisha: yalichuruzika kutoka chini ya pipa, kwenye kifuniko kinachoshikilia koili, mahali ambapo hapakuwa pamewahi kuvuja hata siku moja, na yalikuwa na wekundu wa chai ya rangi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda uani akichambua mchele.

"Baba Neema," aliniita bila kuinua macho, "kile kijiti umekiweka cha nini?"

"Kuzuia maji, mama."

"Yalikuwa yakitoka muda wote?"

Nilifikiri kidogo. "Hapana, mama. Yalikuwa yakitoka tukiwasha umeme."

"Na sufuria ukiijaza maji hadi ukingoni, kisha ukaiweka motoni, huwa inafanyaje?"

Sikumjibu. Kila mwaka huwa nasimama mbele ya darasa na mpira wa chuma na pete yake, nikiupasha mpira moto ili wanafunzi waone jinsi unavyotanuka na kukataa kupita, kisha nawaeleza kwamba vimiminika navyo hutanuka. Lita 50 za maji, zikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 70, huongezeka kwa karibu lita moja, na kwa kuwa vali ile hairuhusu maji yarudi yalikotoka, ziada hiyo haina pa kupita isipokuwa kwenye kile kijitundu. Hita yangu haikuwa ikivuja. Ilikuwa ikipumua, nami nilikuwa nimeiziba pua. Nilizima swichi, nikasimama kwa upande kama mtu anayemtoa simba mwiba, nikakivuta kijiti kwa koleo. Kilifyatuka, kikapita karibu na sikio langu na kugonga ndoo iliyokuwa mlangoni.

Mtu mwenye busara angemwita fundi bomba hapo hapo. Mimi nilikuwa na heshima ya kuirejesha mbele ya mama mkwe, na nilikwisha kujiaminisha kwamba gasketi ya kile kifuniko ndiyo iliyoharibika, jambo ambalo, kwa haki, lilikuwa kweli. Nilizima na swichi kubwa ya nyumba, nikahakiki kwa tesita, nikafunga koki ya maji, kisha nikachuchumaa chini ya pipa na kuanza kufungua nati moja baada ya nyingine. Nilikumbuka mambo yote isipokuwa moja: koki huyazuia maji yanayokuja, haiyaondoi yaliyokwisha kufika. Nati ya mwisho ilipolegea, kifuniko kilianguka pamoja na koili yake, na lita zote 50, zikiwa bado na joto la usiku, zikaniteremkia kichwani.

Wanaoifahamu Mabatini wanajua jinsi nyumba zetu zilivyopandana juu ya mawe, kiasi kwamba uwanja wa mmoja unatazama paa la mwenzake. Maji yaliniacha nimekaa sakafuni, yakatoka kwa mlango wa bafu, yakapita miguuni pa mama mkwe, ambaye aliinua kigoda chake kwa utulivu wa ajabu, kisha yakaporomoka kwenye mwamba hadi kwenye jiwe bapa ambapo mama jirani alikuwa ameanika dagaa wake. Nilisikia jina langu likitajwa kutoka bondeni, pamoja na cheo changu.

Fundi alipofika mchana, hakuhitaji zaidi ya dakika tano. Alinionyesha waya mwembamba uliokuwa umeshikamana na kifuniko, akasema kwamba hapo zamani ulikuwa fimbo nene ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya pipa, na kwamba fimbo ilipokwisha, kutu ilihamia kwenye pipa lenyewe. Akaingiza bisibisi ndani, akakwaruza kidogo, na ncha yake ikatokeza nje.

"Mwalimu, gasketi ninaweza kukubadilishia," alisema, "lakini utaifunga kwenye nini?"

Jioni nilishuka kwa mama jirani kulipa sado mbili za dagaa, nikapewa na wale walioharibika, kwa kuwa sasa walikuwa mali yangu. Kutu ilikuwa imewapa rangi ya dagaa waliokwisha kukaangwa. Mama mkwe aliwatazama kwa muda, akachukua mmoja, akamnusa.

"Hawa angalau hawana mchanga," alisema, akaomba apashiwe maji ya kuoga kwenye jiko la mkaa.