Boti ikizama Ziwa Tanganyika, nani atangulie?

Pale Kibirizi, Kigoma, maboti ya Kagunga na Mwamgongo yanakopakia abiria, uliza swali hili na wavuvi watakujibu kabla hujalimaliza: mwenye chombo karibu ndiye aende. Wenye dhamana ya uokoaji nao husema subirini, papara inaua. Kila upande una ushahidi, na wote unatoka Ziwa Victoria.

Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliowahi kufika, na kati ya watu 43, 24 walitoka hai. Lakini Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikabaki inaelea, waokoaji walitoboa tumbo lake kuwafikia waliokwama ndani. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama.

Hata hivyo nasimama na wavuvi, na sababu yangu ni hesabu. Chukua mtu aliyeng'ang'ania dumu, anasogezwa kilomita moja kwa saa na hatujui upande gani. Saa ya kwanza utamtafuta ndani ya kilomita za mraba 3 hivi. Saa ya sita zimeshafika 113. Kusubiri ni kulipanua ziwa.

Ila mitumbwi ishirini ikikimbilia upande mmoja, pande nyingine zinabaki tupu. Mmoja wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, abaki ufukweni na daftari: boti ilionekana wapi mara ya mwisho, saa ngapi, upepo unavuma kutoka wapi, nani kaenda wapi. Na abiria walikuwa wangapi, pamoja na watoto waliopakatwa, ambao mara nyingi hawahesabiwi. Bila idadi hiyo utaacha kutafuta ukitegemea nini?

Mchangani ndipo ninapotofautiana na wenzangu. Sote humkimbilia anayelia. Anayelia anapumua! Apewe kanga kavu, akae pembeni. Mkimbilie aliyenyamaza. Kanuni ya ajali zenye majeruhi wengi ni kwamba asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hupewa alama nyeusi, mnamwacha mnaenda kwa mwingine. Mikono ikiwa michache kuliko wahitaji, naikubali, kwa uchungu. Mikono ikitosha, siikubali kwa aliyezama: alichokosa ni hewa, basi mpulizie pumzi 5 mdomoni kwanza, ndipo ukandamize kifua. Tumbo msimbinye kutoa maji. Atatapika, matapishi yaingie mapafuni. Na anayekohoa mfululizo, hata akisema yuko salama, apelekwe hospitali ya Maweni usiku huohuo.