Mwizi wa Kiatu Kimoja

Nilipoamka, barazani kulikuwa na kiatu kimoja tu. Cha kulia. Kijiji chetu kiko Mufindi, kimebanwa kati ya chai na mipaini, na ule mwezi wa 7 baridi ilikuwa ya mtu kulala na koti. Nani atoke kwenye baridi ile kuja kuiba kiatu kimoja?

Kabla jua halijachomoza nilishafika kwa balozi wa nyumba kumi.

"Kamwene, baba. Nimeibiwa."

Nikamtaja kijana wa jirani. Ushahidi wangu: aliwahi kuvisifia.

"Kiatu kimoja?" balozi akauliza. "Kwani huyo kijana ana miguu mingapi?"

"Cha pili atakifuata leo, baba. Utaona."

Kuna jambo sikumwambia. Kiwi iliniishia, na Jumamosi nina harusi, kwa hiyo viatu nilivipaka mafuta ya nguruwe. Viling'aa, jamani!

Usiku nikakiacha cha kulia pale pale nje, nikakifunga kamba ya katani, kamba nikaipitisha chini ya mlango hadi kitandani na kuifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Rungu ubavuni. Mke wangu akahamia kwa watoto, akisema halali na mtu aliyejifunga kama mbuzi.

Saa nane za usiku kidole kikaondoka. Mimi nikakifuata. Nilishuka kitandani kwa makalio, nikateleza sakafuni hadi nyayo zikagonga mlango. Upande wa pili nikasikia pumzi, na meno yakikwaruza ngozi.

"Mwiziii!"

Kamba ikakatika.

Wa kwanza kufika na tochi alikuwa kijana yule yule. Mwanga ukamnasa mwizi akikatiza kwenye maparachichi: mwili wa kijivu, masikio wima, kiatu changu mdomoni, ncha ya mkia nyeupe pee. Mbele kidogo palikuwa na mwingine, amesimama anamngoja.

"Mzee," kijana akaniuliza, "huyo ndiye mimi?"

Balozi naye alishafika, amejifunga shuka.

"Mbweha miraba," akasema. "Huyo hachagui. Panya, panzi, matunda, mizoga, vyote vyake, na kinachobaki anakifukia. Yule mwenzake ni mkewe, hawaachani." Akanitazama nilivyokaa sakafuni na kamba kidoleni. "Wito niuandike kwa jina la mume au la mke?"

Asubuhi kijana alifuata nyayo hadi chini ya mparachichi, akafukua cha kushoto, kimejaa udongo na ulimi umetafunwa wote. Cha kulia hakijaonekana mpaka leo. Harusini nilivaa mabuti ya mvua.

Kwa kumchafulia jina kijana wa watu nikatozwa jogoo. Nikamtafuta mzuri, mwekundu, na usiku nikamfunga barazani ili alfajiri nimpeleke.

Alfajiri nikapeleka kamba.