Sumu ya Kisiwa cha Marion na hesabu ya yai moja

Kwa mtu wa Mwanza, sumu ikitajwa karibu na maji humkumbusha uvuvi haramu uliowafanya Umoja wa Ulaya wazuie samaki wa Ziwa Viktoria mwaka 1999. Ni rahisi basi kuutilia shaka mpango wa Afrika Kusini wa kumwaga kwa helikopta takribani tani 600 za chambo chenye sumu ya kuua panya katika Kisiwa cha Marion, kilichoko kwenye bahari baridi kuelekea Antaktika, kisicho na wakazi isipokuwa watafiti.

Shaka hiyo ina msingi. Skua na ndege wengine wanaokula mizoga watakufa pamoja na panya, na katika Kisiwa cha Gough, ambako kazi kama hiyo ilifanyika mwaka 2021, panya walionekana tena kabla mwaka haujaisha.

Hata hivyo, panya hao si wenyeji wa Marion; waliletwa na meli za wawinda sili katika karne ya 19. Paka watano waliopelekwa mwaka 1949 kuwapunguza waligeukia ndege, na kazi ya kuwamaliza paka hao kabisa iliendelea hadi mwaka 1991. Tangu mwaka 2003 panya wameonekana wakishambulia makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, na mwaka 2023 hata ndege wazima, ambao mabawa yao yakinyooshwa huzidi mita 3, walikutwa na majeraha ya kuua. Albatrosi hajazoea adui wa nchi kavu, hivyo hutulia kiotani huku akitafunwa.

Hesabu inayonisumbua ni ya mayai. Skua hutaga mayai mawili kila mwaka, na watakaosalia wanaweza kuziba pengo. Albatrosi mkubwa wa Marion, mahali wanapozaliana karibu robo ya wenzake wote duniani, hutaga yai moja, na akifanikiwa kulea kinda hupumzika mwaka mzima kabla ya kutaga tena. Naye kinda huchukua takribani miaka kumi kabla ya kuanza kuzaa. Kizazi cha namna hiyo hakiwezi kustahimili panya kila msimu, ilhali sumu hukusudiwa kumwagwa katika msimu mmoja tu.

Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 aliwamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, lakini leo analisha familia nyingi mno kiasi kwamba hakuna anayedai aondolewe. Panya wa Marion hamlishi mtu yeyote.

Kwa hiyo naunga mkono mpango huu, kwa masharti mawili: fedha zote zipatikane na mizigo ya kila meli ya watafiti ikaguliwe kabla ya chambo cha kwanza kudondoshwa, kwa sababu akibaki panya jike mmoja mwenye mimba, skua wale watakuwa wamekufa bure.