Nywele Zinaumwa Nini Hata Zipewe Dawa?

Ingia saluni yoyote Dar es Salaam, vua kitambaa, swali la kwanza ni: "Una dawa au huna?" Dawa hapo ni krimu ya kunyoosha nywele. Neno limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza ugonjwa wenyewe ni upi. Na si hilo peke yake. Za singa ndizo "nywele nzuri", za kipilipili ni "ngumu", na chanuo likikwama msusi akaguna, mwenye kichwa ndiye anayeomba radhi.

Wanaosema kunyoosha ni kasumba huanzia hapo, na hoja yao ina uzito. Pwani yetu singa zilisomwa kama ushahidi wa damu ya Uarabuni, na ushahidi huo ulikuwa na thamani posa ilipoletwa. Anayelelewa akisikia kwamba mtoto fulani "kabahatika nywele" hahitaji kuhubiriwa rangi ipi iko juu.

Lakini muulize mama anayetoka Mbagala alfajiri kugombea daladala. Wigi humchukua dakika mbili; rasta humkalisha kitini nusu siku. Jumatatu ana wigi, Jumamosi kasuka twende kilioni, na hajihisi kuwa watu wawili. Mwanamume anayetinga suti na tai kwenye jua la saa nane haulizwi kama anajichukia. Juni 2019, Waziri wa Fedha Philip Mpango alipopendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, wapo walioshangilia kwamba sasa wanawake watarudi kwenye uasili. Serikali ilikuwa inatafuta mapato, wao wakapata pa kutolea mahubiri.

Mimi naona ubishi wote huu unamkuta mwanamke amechelewa, ana miaka thelathini na mkoba wake begani. Mambo yalianza mapema, mstarini, mwalimu wa zamu anapopita na mkasi.

Shule niliyosoma, msichana mwenye nywele zinazoshikika kwa vidole alikatwa njia katikati ya kichwa, akamalizie mwenyewe nyumbani. Sababu walizotoa hazikuwa za uongo: chawa, muda wa masomo, na kwamba binti wa tajiri na wa muuza mchicha wafanane. Hiyo ya mwisho niliipenda, na bado naipenda. Ila darasani tulikuwa na mwenzetu mwenye asili ya Kiarabu aliyefunga mkia mmoja mpaka mgongoni. Hakuguswa. "Za kwake hazisumbui," alisema mwalimu, wala hakukusudia ubaya. Kama shida ilikuwa chawa na muda, mkia ule ndio ungetangulia. Pretoria mwaka 2016 wanafunzi wa sekondari moja ya wasichana waliandamana kwa kuambiwa nywele zao ziko hovyo. Sisi tulinyolewa tukaenda kipindini.

Matokeo yake ni kwamba binti anamaliza kidato cha nne hajawahi kuishi na nywele zake zikavuka urefu wa ukucha. Wiki hiyo hiyo anaweka dawa. Tukiita hilo chaguo, tukumbuke kwamba jambo la pili la kuchagua hakuwahi kuonyeshwa. Na wanaomhimiza arudi kwenye asili husahau kutaja gharama: mafuta ya nazi na shea, saa nzima ya kuchambua mafundo, na msusi anayeongeza bei akiona kichwa hakina dawa.

Mwaka jana mpwa wangu alimaliza mtihani akaniomba hela ya saluni. Nikamweleza utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 na kukadiria kwamba uwezekano wa kupata saratani ya mji wa uzazi kufikia miaka 70 ni asilimia 1.64 kwa wasionyoosha nywele kwa kemikali, na 4.05 kwa wanaonyoosha mara kwa mara. Akasikiliza kwa adabu, mkono ukipapasa kisogo.

"Sawa, shangazi. Sasa zisizo na dawa zinatunzwaje?"

Mimi na wifi tukatazamana.